Nani Alisema Chakula Hakileti Chunusi?

Ukitokwa na chunusi katika jiji hili, kila mtu anageuka daktari. Shangazi atakwambia uache karanga na nyama ya nguruwe. Mama mboga atakupendekezea ndimu na manjano. Jirani wa hosteli atakwambia ni zile chipo za kila jioni, mafuta yale yale tangu Jumatatu, unategemea nini? Halafu siku ukijikakamua ukatoa pesa ya kumwona daktari, atakutazama, aandike krimu, na ukimwuliza kuhusu chakula huenda akakujibu kwa mkato: chakula hakihusiani na chunusi, hizo ni hadithi za nyumbani.

Sasa nani anasema kweli? Swali hili linaonekana dogo mpaka uwe na miaka kumi na saba na uso unaokufanya ugeuke kila mtu akitoa simu kupiga picha. Kwenye ngozi yetu nyeusi chunusi ikipona haiendi kimya kimya, inaacha doa linaloweza kukaa miezi mingi. Wengi hulifukuza doa hilo kwa krimu za kuchubua zinazouzwa bila maelezo, na hapo ndipo shida ndogo inapozaa kubwa. Kwa hivyo jibu lina uzito. Cha kushangaza ni kwamba la shangazi halina mwanzo unaojulikana, lakini lile la daktari lina tarehe ya kuzaliwa: Desemba 1969.

Kabla ya hapo, madaktari wa ngozi wa Marekani walikuwa wakisema kama shangazi. Kijana akifika kliniki na chunusi, alipewa orodha ya kuacha: chokoleti, peremende, vyakula vya mafuta, soda, karanga. Hawakuwa na utafiti wa maana wa kuegemea. Walikuwa na mazoea, na labda kidogo ile tabia ya wakubwa kuwanyima vijana vitu vitamu kila wapatapo sababu.

Ndipo madaktari watatu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia, wakaamua kulipima jambo hilo. Majina yao ni James Fulton, Gerd Plewig na Albert Kligman. Walichukua watu 65 wenye chunusi: vijana 30 kutoka kliniki, na wanaume 35 waliokuwa wafungwa. Kila mmoja alipewa kipande kikubwa cha chokoleti kila siku kwa wiki nne, chenye kakao mara kumi kuliko ile ya kawaida. Kwa wiki nne nyingine alipewa kipande kingine kilichofanana na kile cha kwanza kwa sura, lakini hakikuwa na kakao. Kisha wakahesabu chunusi, wakalinganisha. Hawakuona tofauti ya maana. Matokeo yakachapishwa katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani, na habari ikaenea: chokoleti imeachiliwa huru, haina hatia.

Mwaka 1971 daktari mwingine, wa Chuo Kikuu cha Missouri, aliwalisha wanafunzi 27 vyakula walivyovishuku wao wenyewe: chokoleti, maziwa, karanga, kola. Alifanya hivyo kwa wiki moja tu, bila kundi la ulinganisho. Hakuona kitu. Basi, ikawa imekwisha. Kutoka kwenye tafiti hizo mbili ndogo, vitabu vya kufundishia vikaanza kuandika kwamba chakula na chunusi havina uhusiano. Wanafunzi wa udaktari wakakariri, wakafaulu mitihani, wakafundisha wengine. Sentensi hiyo ilivuka bahari na ikadumu zaidi ya miaka thelathini bila mtu kuisumbua sana. Bado utaisikia.

Lakini hebu turudi kwenye kile kipande cha pili, kile kisichokuwa na kakao. Kilikuwa na nini? Kilikuwa na sukari, tena ya kutosha. Kilikuwa pia na mafuta ya mimea, yaliyowekwa makusudi ili yashike nafasi ya siagi ya kakao. Yaani watu wale wale walikula sukari na mafuta mengi katika nusu zote mbili za utafiti. Kilichobadilika ni kakao peke yake.

Ni kama unataka kujua kama chapo inanenepesha. Mwezi huu unamlisha mtu chapati, mwezi ujao unamlisha mandazi, unampima, uzito ni ule ule, kisha unatangaza redioni kwamba chapati haina neno. Utakuwa hujadanganya. Utakuwa umejibu swali dogo sana, na watu wamesikia jibu la swali kubwa. Utafiti wa 1969 uliuliza kama kakao inaongeza chunusi kuliko peremende ya sukari na mafuta. Dunia ikasikia kwamba chakula hakihusiki.

Tena muda wenyewe ulikuwa mfupi. Chunusi unayoiona leo asubuhi haikuanza leo asubuhi. Huanza kujijenga ndani ya ngozi wiki kadhaa kabla hujaigusa kwa kidole. Wiki nne ni muda mchache wa kuifuatilia, na wiki moja ya Missouri ni mzaha. Na kwa wale wanaopenda kuuliza bili ililipwa na nani: chama cha watengenezaji chokoleti cha Marekani kilisaidia kuugharamia utafiti wa Philadelphia. Hilo halimaanishi kwamba hesabu zilipikwa. Ila linaeleza kwa nini swali lilihusu kakao, na kwa nini jibu lilipata wapambe wa kulitangaza.

Sasa tuwatazame wale wanaume 35. Kwa nini wafungwa?

Albert Kligman alikuwa daktari wa ngozi mwenye jina kubwa. Mwaka 1951 aliingia katika gereza la Holmesburg, mjini Philadelphia, na alipoona mamia ya wanaume waliokaa bila kazi, hakuona watu. Aliona ngozi, eneo baada ya eneo, kama mkulima anavyotazama shamba. Kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi 1974, wafungwa wa Holmesburg walipakwa, walichomwa sindano, walifungwa viraka mgongoni na kukatwa vipande vya ngozi. Walijaribiwa manukato, shampuu na vipodozi. Kampuni ya Dow Chemical ilimlipa Kligman awapake wafungwa dioksini, sumu iliyokuwamo katika dawa za kuua magugu. Jeshi la Marekani nalo lilitaka kujua jinsi kemikali za kuvuruga akili zinavyofanya kazi, likaenda pale pale.

Wengi wao walikuwa watu weusi. Wengi hawakuwa hata wamehukumiwa. Walikuwa wakisubiri kesi kwa sababu hawakuwa na pesa za dhamana. Walilipwa dola chache kwa jaribio, na ndani ya jela dola chache ni sabuni, ni sigara, ni njia ya kukusanya hiyo dhamana. Walitia sahihi karatasi, ndiyo. Lakini mtu aliyefungiwa, asiye na shilingi, anayetiwa sahihi jambo ambalo hajaelezwa lote, amekubali nini hasa?

Habari hizo zilikuja kukusanywa na Allen Hornblum katika kitabu chake Acres of Skin cha mwaka 1998. Kligman alifariki mwaka 2010 akiwa bado anashikilia kwamba hakufanya kosa. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kiliomba msamaha mwaka 2021, na Jiji la Philadelphia mwaka 2022. Kwa wengi msamaha ulikuta kaburi.

Na hapa kuna jambo linalotugusa hata sisi tulio mbali na Philadelphia. Kligman ndiye aliyeonyesha kwamba tretinoini, dawa ya kundi la vitamini A, inatibu chunusi. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1971, ikauzwa kwa jina la Retin-A, na ni miongoni mwa dawa bora za chunusi hadi leo. Utaipata kwenye duka la dawa hapa Nairobi. Ngozi za Holmesburg zilikuwa sehemu ya safari yake. Kwa hivyo yule daktari aliyekuandikia krimu na kukwambia usijali chakula, huenda amekupa mambo mawili yenye asili moja. La kwanza lilithibitishwa mara nyingi baadaye na watafiti wengine. La pili halikuthibitishwa, lilirudiwa tu.

Aliyelifungua upya swali la chakula kwa kishindo alikuwa Loren Cordain, mtafiti wa Marekani, pamoja na wenzake, mwaka 2002. Waliripoti kuhusu jamii mbili zilizo mbali na maduka makubwa. Moja ni kisiwa cha Kitava, Papua New Guinea, ambako watu hula viazi vikuu, viazi vitamu, matunda, nazi na samaki. Daktari aliwakagua wakazi 1,200, wakiwemo 300 wa umri wa miaka 15 hadi 25, umri ambao kwingineko chunusi ni kama kitambulisho. Ya pili ni Waaché wa Paraguay, watu 115 waliofuatiliwa kwa siku 843. Idadi ya chunusi iliyoonekana katika jamii zote mbili: sifuri.

Sifuri ni namba tamu. Lakini tusiipokee kwa pupa waliyoipokea wale wa 1969. Watu wa Kitava hawatofautiani na mtu wa Chicago kwa sahani peke yake. Wana damu yao, jua lao, usingizi wao, kazi zao za mikono. Nani ajuaye kwamba ni viazi? Tena mwaka ule ule wa 2002 Cordain alitoa kitabu kiitwacho The Paleo Diet, kinachowashawishi watu wale kama wawindaji wa kale. Upande wa kwanza ulikuwa na chokoleti ya kuuza, na upande wa pili ulikuwa na kitabu.

Hata hivyo kulikuwa na kidokezo kutoka kwingine. Mwaka 1971 daktari Otto Schaefer, aliyefanya kazi miaka mingi miongoni mwa Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, aliandika kwamba chunusi ilikuwa haionekani kwao, ikaanza kuonekana walipohamia mijini na kuanza kula vyakula vya dukani. Damu ni ile ile, chakula kimebadilika. Hiyo nayo si hukumu, maana mjini hubadilika mengi. Lakini inatosha kufungua jalada.

Kilichohitajika ni utafiti unaobadilisha sahani ya watu wa mji mmoja na kusubiri. Huo ulifanyika Melbourne, Australia, ukachapishwa mwaka 2007. Robyn Smith na wenzake waliwachukua wavulana na vijana wa kiume 43, wenye miaka 15 hadi 25. Nusu yao waliendelea kula vyakula vya wanga kama kawaida. Nusu nyingine walipunguza vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka, kama mkate mweupe na vitu vitamu, wakala nafaka zisizokobolewa na protini zaidi. Wiki kumi na mbili. Wale waliobadilisha chakula walipungukiwa chunusi 23.5 kwa wastani, na wale wengine 12.

Angalia namba zote mbili. Hata wasiobadilisha wanga walipata nafuu, kwa sababu chunusi huja na kuondoka, na mtu anayejua anaangaliwa huosha uso vizuri zaidi. Ila waliobadilisha walipata nafuu karibu maradufu. Walipungua uzito pia, kwa hivyo huwezi kusema kwa uhakika ni chakula au ni kilo zilizotoka. Lakini hili ni jibu la swali lenyewe, si la kakao.

Na mwili unafanyaje? Ukila kitu kinachogeuka sukari upesi, kongosho linamwaga insulini nyingi. Insulini ikipanda, inapandisha nguvu ya homoni nyingine ya ukuaji iitwayo IGF-1, na hizo mbili zinaziamsha androjeni, homoni ambazo wakati wa kubalehe tayari ziko macho. Tezi za ngozi zinatoa mafuta mengi, seli zinaziba vitundu vya vinyweleo, bakteria wanapata makao, uso unavimba. Mafuta yanayoziba uso wako yametengenezwa na ngozi yako mwenyewe. Hayakutoka kwenye karai la muuza chipo. Kwa hivyo shangazi na jirani wa hosteli walilishika shati wakamwacha mwizi: ushahidi dhidi ya mafuta ya kukaangia ni mdogo kuliko ushahidi dhidi ya sukari na wanga mweupe.

Maziwa nayo yameitwa kortini. Mwaka 2005 kikundi cha Harvard kikiongozwa na Clement Adebamowo, daktari kutoka Nigeria, kiliwauliza wauguzi wanawake zaidi ya 47,000 wa Marekani walikunywa nini walipokuwa shule ya upili, na kama walikuwa na chunusi kali. Waliokunywa maziwa mengi walikuwa na chunusi zaidi kidogo, na uhusiano ulikuwa na nguvu zaidi kwenye maziwa yaliyoondolewa mafuta. Hapa tena si mafuta. Lakini ni kumbukumbu za watu wazima kuhusu vikombe vya ujanani, na kumbukumbu ni shahidi wa kusitasita.

Kama swali ni chakula gani kiliingia lini, historia hiyo tunayo hapa nyumbani, na haihitaji kwenda Kitava. Mawele, wimbi, mtama, nduma, viazi vikuu na ngwaci ndivyo vilivyokuwa vikijaza sahani nyingi za nchi hii. Katika karne ya ishirini mahindi meupe yalisukuma nafaka za zamani pembeni, kisha mashine zikaanza kuyakoboa mpaka unga ukawa mweupe kama chaki. Kiwanda cha sukari cha Miwani kilianza mwaka 1922, cha Ramisi mwaka 1927, cha Mumias mwaka 1973. Coca-Cola iliingia Kenya mwaka 1948. Chai, iliyoanza kupandwa Limuru mwaka 1903, ikawa kinywaji cha kila nyumba, na sisi tunaipika na maziwa na sukari pamoja. Mkenya yuko miongoni mwa Waafrika wanaokunywa maziwa mengi zaidi.

Ukiziweka tarehe hizo mstari mmoja, unaona kwamba kiamsha kinywa cha leo, chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili, ni kitu kipya kabisa. Hakuna aliyehesabu chunusi za nyanya zetu kabla na baada, kwa hivyo siwezi kukwambia zilipungua au ziliongezeka. Ninachoweza kusema ni kwamba sahani hiyo haikuchaguliwa na kijana anayelaumiwa. Mkate, soda na chipo ndivyo vyakula vya bei nafuu vinavyoshibisha upesi kati ya darasa na matatu. Kumwambia "acha kula ovyo" ni rahisi kwa mtu asiyeuliza nduma ni pesa ngapi siku hizi.

Basi tumefika wapi? Miongozo ya madaktari wa ngozi wa Marekani ya mwaka 2007 ilisema kupunguza vyakula hakujaonyeshwa kusaidia. Ile ya 2016 ilikubali kwamba ushahidi unaojitokeza unaonyesha vyakula vinavyopandisha sukari haraka huenda vinahusika, ingawa haikuamuru mtu aache chochote. Kati ya miongozo hiyo miwili, "hapana" iligeuka "huenda". Kwa sayansi hiyo ni safari ndefu.

"Huenda" inaudhi ukiwa na uso unaouma. Lakini unaweza kuitumia. Ukitaka kujaribu, punguza soda, mkate mweupe na sukari ya chai, na ujipe wiki kumi na mbili kama wale wa Melbourne, si wiki moja kama wale wa Missouri. Huhitaji chakula cha kutoka nje. Maharagwe, githeri, nduma na ugali wa wimbi vilikuwepo kabla ya neno lolote la kisasa la lishe. Usiache dawa uliyoandikiwa ukisubiri nduma ifanye muujiza, na usipake krimu usiyojua ina nini. Na usipoona mabadiliko, hujashindwa. Watu wengine hula vizuri maisha yao yote na bado wanatokwa, kwa sababu ya urithi na homoni, na hakuna sahani inayofuta hilo.

Siku nyingine mtu akikwambia kwa uhakika kwamba utafiti umethibitisha hiki au kile kuhusu uso wako, mwulize maswali matatu. Walilinganisha na nini? Nani alilipa? Na waliojaribiwa walikuwa kina nani, je, wangeweza kukataa? Mwaka 1969 maswali hayo yalikuwa na majibu yaliyoandikwa ndani ya ripoti yenyewe, kurasa nne tu. Waliosoma kichwa cha habari walikuwa wengi. Waliofika mpaka kwenye kile kipande cha pili walikuwa wachache.